Ini Lilisema Mema

Mama mkwe wangu hajui kusoma barua, lakini sijaona kitu kingine duniani asichokisoma. Husoma mawingu kabla ya kuanika nguo. Husoma utando unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Ukutani sebuleni kuna doa la unyevu lililoingia mwaka wa mvua nyingi, na kila akipita huligeukia, maana anadai ni uso wa mtu na kwamba uso huo unazeeka. Siku ya kwanza alipoingia kwenye banda langu la kunyolea hakunisalimia. Aliinama akazitazama nywele zilizotapakaa sakafuni, akashusha pumzi, kisha akaniambia nifagie upesi. Sikuuliza ameona nini. Mimi naishi kwake, na mwanamume anayeishi kwa mama mkwe hujifunza kuchagua maswali.

Kazi yake ni kuosha matumbo machinjioni. Ameifanya kwa miaka ishirini na sita, akiwa na buti za mpira zinazompwaya na aproni ya plastiki inayofika chini ya magoti. Ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, vya ndani hupangwa juu ya benchi refu la vigae: ini, mapafu, moyo, figo, na bandama, kile kipande kirefu cha rangi ya zambarau kinacholala ubavuni mwa tumbo, ambacho wengine hukiita wengu na wengi hawakiiti chochote, humtupia mbwa. Vya kila ng'ombe hukaa pamoja na nambari yake, vikimsubiri mkaguzi wa nyama. Mkaguzi huyo, ambaye kila mtu humwita Bwana Mhuri, hukata hapa na pale, hubonyeza, hunusa, halafu hugonga mhuri wa buluu kwenye nyama, na hapo ndipo nyama huruhusiwa kutoka.

Kabla Bwana Mhuri hajafika, mama mkwe huwa ameshapita. Hunyanyua kila ini kwa mikono miwili mpaka usawa wa dirisha, akafumba jicho moja. Mshipa uliogawanyika ni safari. Kidoa cheupe ni mgeni. Kunjo la pembeni ni ugomvi wa ndugu. Alifundishwa haya na bibi yake mzaa mama, na kule machinjioni yamempa jina la Bi Darubini. Wenzake humcheka, kisha humfuata mmoja mmoja kumuuliza mambo yao. Mchunaji wa ngozi, kijana mrefu waliyempa jina la Wembe, alikuwa akimuuliza kila asubuhi bila kukosa:

"Bi Darubini, leo ini linasemaje? Nitapata mchumba?"

"Linasema uoge kwanza," alikuwa akimjibu, na benchi zima likiangua kicheko.

Lakini ana sheria moja ambayo haichezei. Ishara mbaya iliyoonwa na mtu mmoja bado ni wasiwasi tu, inaweza kupita. Ikionwa na macho ya mtu wa pili, au ikitajwa kwa mdomo, inasimama, na ikishasimama hakuna wa kuiondoa. Kwa hiyo anayeiona anatakiwa aifiche haraka na anyamaze. Mimi sheria hiyo niliiona ya kipuuzi na nilimwambia mke wangu hivyo, chumbani, kwa sauti ya chini.

Yaliyotokea Jumatatu ile sikuyaona kwa macho yangu. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na nitayapanga jinsi yalivyokwenda.

Ng'ombe wa nne asubuhi hiyo aliletwa akiwa mzito wa miguu. Walisema ni uchovu wa safari. Wembe alimchuna, vya ndani vikaletwa benchini, na mama mkwe akanyoosha mkono kwenye bandama. Lilikuwa kubwa mara tatu ya mengine, jeusi, na lilipokaa juu ya vigae vyeupe lilijitandaza lenyewe likaumba kitu. Aliona mtoto mchanga amelala kifudifudi, na kamba imemzunguka shingo.

Ni lazima nieleze mke wangu alikuwaje wakati huo. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Kabla ya hiyo zilitoka mbili. Nyumbani tulikuwa tunatembea kama watu waliobeba trei ya mayai. Hata jirani akigonga mlango kwa nguvu nilitaka kumgombeza. Nguo za mtoto tulikuwa hatujanunua hata moja, kwa woga tu. Sasa mwambie mama wa mwanamke huyo asione mtoto kwenye bandama.

Mama mkwe alitazama kushoto, akatazama kulia. Wembe alikuwa amegeuka anakunja ngozi. Bwana Mhuri alikuwa bado yuko kwenye ng'ombe wa tatu. Mama mkwe akalikumbatia lile bandama kwenye aproni, na lilikuwa laini kiasi kwamba lilipasuka kidogo mikononi mwake. Akaenda nalo chooni nyuma ya jengo, akalitumbukiza shimoni. Aliporudi akachukua bandama la ng'ombe wa kwanza, lililokwisha kukaguliwa na kutiwa kwenye beseni, akaliweka mahali pa lile la nne. Lilikuwa na alama ya kisu cha mkaguzi upande mmoja, hivyo akaligeuza alama ikalala chini. Bwana Mhuri alifika, akalipapasa kwa vidole viwili, akaona ni la kawaida, akagonga mhuri.

Ungedhani aliishia hapo. Bado. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta cha kumtuliza. Akanyanyua ini la ng'ombe yule yule akalipeleka dirishani. Lilikuwa safi, mishipa imenyooka, halina kunjo. Ini lilisema mema. Kwa mafundisho ya bibi yake, ishara mbaya na nzuri zikitoka kwa mnyama mmoja, ile nzuri huliwa na anayehusika ili ishinde. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kitoweo siku ya Jumatatu, basi akaomba ini lile akaja nalo nyumbani. Akalipika mwenyewe kwa vitunguu, akaketi mbele ya mwanawe, akamhesabia vipande.

"Kula, mwanangu. Linaongeza damu."

Mke wangu alikula. Na mimi nilikula, nikaongeza, nikalisifu.

Siku zilizofuata zilinichosha. Mama mkwe hakumwacha mwanawe apumue. Alimkataza kuinua ndoo, nikaona sawa. Alimkataza kuanika nguo, eti akipita chini ya kamba mtoto atajizungusha kitovu. Alimkataza kukaa mlangoni, kucheka sana, kulala chali. Mke wangu ni mshonaji. Jumatano alikuta uzi wote umeondolewa kwenye cherehani na kufichwa kabatini.

"Mama, mteja anataka gauni lake kesho!"

"Atavaa jingine."

Nilimwona akimkodolea macho mwanawe tumboni kwa saa nzima, mpaka chai ikapoa mkononi. Kidole gumba cha mkono huo alikuwa amekifunga kitambaa. Nilimuuliza amefanyaje, akasema kisu. Nikaridhika, maana wakati huo nilikuwa nawaza uzi wa cherehani.

Alhamisi Wembe hakumaliza kazi. Mkono wake wa kulia ulivimba kuanzia kiwiko hadi begani, akaanza kutetemeka kwa homa, akaanguka juu ya rundo la ngozi. Wakamkimbiza hospitali. Ijumaa asubuhi Bwana Mhuri aliwakusanya wafanyakazi wote uani. Alisema madaktari hawaelewi wanatibu nini, hali ya kijana ni mbaya, na wanauliza kama kuna mnyama mgonjwa aliyepita hapo.

"Mimi ng'ombe wote wa wiki hii nimewakagua kwa mkono wangu," alisema. "Sikuona kitu. Kama kuna aliyeona, aseme sasa hivi. Sitamfukuza mtu."

Bi Darubini alikuwa amesimama mstari wa mbele na mkono wake ndani ya mfuko wa aproni.

Saa sita mchana aliingia bandani kwangu. Nilikuwa nimemnyoa mteja nusu kichwa. Mama mkwe hajawahi kuja kwangu bila salamu ndefu tangu ile siku ya kwanza, lakini safari hii alikaa kwenye kiti cha kusubiria, akafungua kitambaa, akanionyesha kidole.

"Baba, hebu nitazamie hiki."

Palikuwa na kidonda cheusi katikati, cheusi kabisa, na pembeni ngozi imevimba na kutoa vilengelenge.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kingeuma nisingeogopa."

Mteja wangu alikichungulia kidole kwenye kioo, akainuka na kitambaa shingoni, akasema atarudi kumaliziwa. Hajarudi hadi leo. Sijui nusu ile ya kichwa aliipeleka wapi.

Tulipobaki wawili nikamkalisha kwenye kiti kikubwa cha kunyolea. Akaanza kulia bila sauti, na katika kulia huko akanieleza yote: bandama, mtoto, kamba, shimo la choo, bandama la kubadilisha. Hapo ndipo niliposikia. Nikaiweka mashine ya kunyolea chini isije ikaanguka.

"Wewe tayari nimekwambia," alisema. "Lakini wewe ni wa nyumbani, labda haihesabiki. Nikiwaambia wale, inasimama. Nikisema, anakufa mwanangu na mtoto wake. Nisiposema, anakufa Wembe. Niambie, baba, ungefanyaje?"

Sasa nitasema jambo ambalo mke wangu halijui, na akilisoma hapa basi amelijua. Mimi ndiye niliyekuwa namcheka mama yake. Mimi ndiye niliyeita mambo haya upuuzi. Na nilipoulizwa swali hilo, nikaona mimba mbili zilizotoka, nikaona nguo ambazo hatujanunua, na nikamwambia:

"Tusubiri kidogo, Mama. Madaktari wapo. Labda watagundua wenyewe."

Akanitazama. "Kumbe na wewe unaamini."

"Siamini."

"Basi tunasubiri nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Alijifuta uso kwa ile aproni, akasema, kama anayeongea na mtu mwingine, kwamba Wembe naye ana mama, na mama huyo yuko hospitali tangu jana, amekaa chini sakafuni nje ya wodi kwa sababu hakuna kiti. Akainuka. Nikafunga banda mchana kweupe, nikamfuata. Njia nzima alitembea mbele yangu, na mara mbili alisimama nikadhani anarudi.

Ofisi ya Bwana Mhuri ni chumba kidogo chenye meza moja na harufu ya dawa ya kusafishia. Mama mkwe alisimama mbele ya meza, akafumba macho, akasema kwa haraka.

"Ng'ombe wa nne wa Jumatatu. Bandama nililitupa. Ulilolishika lilikuwa la wa kwanza. Kwenye lile lake niliona mtoto amelala kifudifudi, na shingoni..."

"Sikuulizi ulimwona nani," alisema Bwana Mhuri, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lilikuwa rangi gani?"

"Jeusi."

"Jeusi kiasi gani?"

"Kama lami."

"Gumu au laini?"

"Laini. Lilitaka kunimwagikia."

"Na damu ya ng'ombe, iliganda?"

Mama mkwe akafungua macho. Nadhani swali hilo lilikuwa halijampitia akilini hata mara moja. "Haikuganda," alisema.

"Kimeta," alisema Bwana Mhuri. Alipiga simu hospitali kabla hajasema neno jingine, akawaambia jina la ugonjwa mara tatu, akauliza kama wamesikia. Alipoiweka simu chini alimgeukia, na machozi yalikuwa yanamlenga kwa hasira.

"Miaka ishirini na sita uko kwenye benchi lile! Hujawahi kuona bandama la namna hiyo?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nilijua ni ishara."

"Ilikuwa ishara, Mama! Ilikuwa ishara ya kimeta! Wewe ndiye uliyeiona kwanza, na wewe ndiye uliyenificha!"

Kisha akakiona kidole chake. Akamvutia kiti. Taratibu akauliza nyama ilikwenda bucha gani, nani mwingine alimgusa ng'ombe, na nani alichukua kitoweo. Aliposema kitoweo, nilimwona mama mkwe akishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nimeshafika huko. Nilikuwa naona sahani ya Jumatatu, vitunguu, na mke wangu akifuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha mkate.

"Ini," alisema mama mkwe. "Ini lilikuwa safi. Lilisema mema. Nilimpa mwanangu."

Bwana Mhuri alisema ikiwa liliiva vizuri kuna nafuu, lakini aende hospitali sasa hivi, asisubiri hata dakika, na sote twende. Alisema na nafuu, na sasa hivi, na asisubiri, yote katika pumzi moja, na mimi nilisikia lile la kusubiri tu. Nilitoka mbio. Mama mkwe alinifuata na buti zake za mpira, na watu njiani walitupisha.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa ameupata uzi. Nilitaka kusema mimi, lakini mama yake alinisukuma pembeni, akapiga magoti sakafuni mbele yake, akamwambia yote tangu mwanzo, pamoja na mtoto na kamba. Sheria yake aliivunja yote mara moja. Wakati anasema alikuwa anamtazama mwanawe tumboni, na najua alikuwa anangoja kuona kama ataanguka.

Mke wangu hakuanguka. Aliondoa mguu kwenye pedeli, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Siku tano," alisema. "Siku tano umenilinda na kamba ya nguo. Na ini umenilisha kwa mkono wako."

"Mwanangu..."

"Ungeniambia Jumatatu, Mama, ningekucheka. Ningekucheka, wewe ungenuna, na mambo yangeishia hapo. Ningekwambia hata ini lenyewe silitaki."

Akaomba khanga yake, akatangulia mlangoni, na njia nzima hakushika mkono wa yeyote kati yetu.

Hospitali walitupa dawa sote watatu, na mke wangu wakamlaza ili wamwangalie. Wafanyakazi wa machinjio walikuja kwa makundi, na wateja wa bucha walioisikia habari kwenye kipaza sauti kilichozungushwa mitaani, na kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni daktari anakuja kutuambia. Kwa siku saba nilimhesabia mke wangu pumzi. Nilimgusa paji la uso mara nyingi mpaka akaniambia nitalichubua. Mama mkwe alikaa kwenye korido kando ya mama yake Wembe. Sijui walizungumza nini. Siku ya nne nilimwona mama yule akimfungia upya kitambaa cha kidole, bila kumtazama usoni. Wembe alipona, ingawa mkono bado haukunjiki vizuri na ngozi hachuni tena. Homa haikumpata mke wangu, wala mimi.

Lakini hakuna aliyemwambia mama mkwe kwamba ile ishara nyingine, ya mtoto na kamba, imepita. Bwana Mhuri hakuweza, daktari hakuweza. Alikuwa ameitaja kwa mdomo wake mbele ya watu watatu. Kwa wiki tatu zilizofuata alikuwa hali vizuri, alikonda, na kila mke wangu alipogeuka kitandani yeye alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakumkataza kitu tena. Alisimama tu. Na mimi, nisiyeamini, nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya siku ya soko, msichana, akalia kabla mkunga hajamwinua vizuri. Tulimuuliza mkunga kuhusu kitovu, mimi na mama mkwe kwa pamoja, akatushangaa. Akasema kitovu kilikuwa mahali pake.

Mama mkwe alibaki kizingitini mwa wodi, mikono nyuma. Ni mke wangu aliyemwita. Tangu siku ile ya cherehani alikuwa anamjibu mama yake kwa neno moja moja, na nilijua bado hajamsamehe yote. Alimnyanyua mtoto, na mtoto alikuwa amejaa mikunjo viganjani, mishipa ya buluu juu ya paji la uso, na doa jekundu nyuma ya shingo.

"Mbebe, Mama," alisema. "Lakini usimsome."

Mama mkwe alimpokea. Akamweka begani, akambana kifuani, na muda wote aliokuwa naye alikuwa amefumba macho yote mawili.